Sauti ya Kuongozea

Mara ya kwanza Salvina kuisikia sauti yake redioni, hakuitambua. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, saa nne na ushee asubuhi, naye yuko kwenye mibuni nyuma ya nyumba yao, kijijini Kamuli, wilayani Kyerwa, kikapu kiunoni, akichuma kahawa iliyoiva. Gosbert, mumewe, alikuwa ameitundika redio ndogo ya sola kwenye tawi, kama alivyofanya kila Jumamosi, ili wasipitwe na kipindi cha Cleophace. Huyo Cleophace ndiye mtangazaji aliyekuwa akisoma orodha ya nyimbo kumi zilizopendwa zaidi na wasikilizaji wa mkoa, kuanzia ya kumi kupanda juu.

"Namba tisa tuna mgeni," alisema Cleophace. "Anaitwa Agnetha, anatokea Kayanga, na wimbo wake ni Chai Inapoa. Hebu sikilizeni hiki kinanda, jamani. Humu hamna gitaa, hamna ngoma ya ngozi. Mashine tupu, na binti mmoja katikati yake."

Kinanda kikaanza. Noti nne nzito, zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, kama mtu anayetembea chumbani bila kujua anatafuta nini. Ikafuata ngoma ya mashine, kavu. Halafu sauti ya mwanamke:

*Chai inapoa, mlango uko wazi,*
*sijui unapita njia gani.*

"Huyu anaimba kama anasoma tangazo la mnada," alisema Gosbert kutoka mstari wa pili wa mibuni. Akachuma kidogo, akasikiliza. "Lakini wimbo wenyewe mtamu."

Kwenye ubeti wa pili mwimbaji alivuta pumzi mahali pasipofaa, katikati ya neno, na hapo kifua chake Salvina kikakumbuka. Ni mimi huyo, aliwaza. Akajichunguza kama ana furaha, au haya, au woga. Hakukuta kitu. Akalivuta tawi jingine na kuendelea kuchuma.

Kuijua habari hii yafaa kurudi nyuma miezi mitatu.

Salvina na Gosbert walikuwa na mtoto mmoja, Ainembabazi, ambaye kila mtu alimwita Babazi. Alikuwa na miaka minne na nusu. Jumapili moja ya mwezi wa tatu alitoka kanisani akiwa na homa. Jumanne wakampeleka hospitali, akaongezewa damu, akapata nafuu kidogo, akaomba uji. Alhamisi alfajiri akafa. Madaktari walisema ni malaria kali, na walisema kwa upole. Tarehe ishirini na mbili wakamzika kwenye kibanja, chini ya migomba aliyoipanda babu yake.

Watu walilia. Gosbert alilia mpaka wakamshika. Mama yake Gosbert, Anatolia, alilia hata sauti ikamkauka. Salvina hakulia. Alisimama na kanga yake kichwani, akaitikia salamu za kila mtu, akauliza kama wageni wamekula. Wanawake wa kwaya wakanong'onezana: kilio kitakuja, mwacheni, kitakuja chenyewe. Hakikuja. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi: ukiukanyaga unajua uko pale, lakini si wako.

Jambo lililomsumbua, kama kulikuwa na la kumsumbua, ni kwamba hakuweza kuiona sura ya mtoto. Akifumba macho kumtafuta Babazi, aliona shuka ya kijani ya hospitali, basi. Na majirani nao hawakujua wamwite nani. Miaka minne alikuwa Mama Babazi. Sasa walifika kwenye "Mama..." wakakwama, wakamalizia kwa kikohozi.

Anatolia ndiye aliyesema Salvina aende Omurushaka, kwa mama yake mdogo Kemigisha, akapumzike. "Hapa kila kitu kinakutazama," alimwambia. Salvina akasema sawa. Siku zile alisema sawa kwa kila jambo.

Kemigisha alikuwa na mwana mmoja, Jovitus, kijana wa miaka ishirini na minane aliyejitengenezea studio katika chumba cha uani. Ukuta aliuziba kwa trei za mayai na magodoro ya zamani. Kinanda chake alikinunua kwa usharika mmoja wa Kituntu walipopata kipya. Vibonye viwili vya mwisho vilikuwa havilii, lakini kilikuwa na sauti ambazo hakuna aliyekuwa akizitumia kanisani, sauti za bati, za kioo, za upepo kwenye bomba. Marehemu baba yake, aliyekuwa dereva wa wamisionari, alimwachia kaseti za Ulaya za miaka ya themanini. "Wazungu wanaoimba kama waliopigwa na baridi," Jovitus alipenda kusema, "na vinanda vinalia kwa niaba yao." Vijana wengine wa Karagwe walimjia wakitaka midundo ya kuchezea harusini. Aliwatengenezea. Lakini mwenyewe alikuwa akiuota muziki ule wa baridi.

Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa nne alikuwa na wimbo tayari, na mwimbaji wake, Agnetha, alikuwa kakwama Kayanga. Jovitus akamkuta dada yake ameketi jikoni, mikono mapajani.

"Dada, wewe si ulikuwa unaongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya? Njoo uniimbie mara moja tu. Nataka sauti ya kuongozea, ili Agnetha akija ajifunzie humo. Hakuna mtu mwingine atakayeisikia."

"Sawa," alisema Salvina.

Akampa karatasi yenye maneno. Ulikuwa wimbo wa mapenzi wa kawaida: mwanamke ameandaa chai, anamngoja mtu, mtu haji. Salvina akavaa vile vya masikioni, akasimama mbele ya kipaza sauti, akaimba alichokiona kimeandikwa. Hakuongeza kitu wala kupunguza. Aliimba kama anavyohesabu vikombe mtu asiyejali kama vimetimia. Alipomaliza, aliona Jovitus ametazama ukuta.

"Nirudie?"

"Hapana." Jovitus akajifuta uso kwa kiganja. "Hapana, dada. Iache hivyo hivyo."

Baada ya wiki mbili, Salvina alipokuwa amekwisha rudi Kamuli, Jovitus alimpigia simu. Agnetha alikuwa amekuja na kuimba, tena aliimba vizuri sana, kwa madaha na mapambo yote. "Na hapo ndipo wimbo ulipokufa," alisema Jovitus. "Ukawa kama nyimbo zote. Nimeisikiliza yako, nimeisikiliza tena. Nikiutoa wimbo na sauti yako, lakini kwenye picha awe Agnetha, utakubali?"

"Sawa."

"Na jina liwe lake? Maana yeye ndiye wa kusimama jukwaani."

"Sawa."

"Dada, una hakika?"

"Nimesema sawa, Jovitus."

Ndivyo ulivyotoka ule wimbo.

Kutoka namba tisa ulipanda hadi ya saba, ukakaa hapo wiki mbili, watu wakadhani umefika mwisho wake. Kisha madereva wa malori wakauvusha pale Murongo kuingia Uganda, na huko mpiga muziki mmoja akauongeza kasi kidogo. Ukarudi Kyerwa ukiwa na miguu mipya. Namba nne. Namba mbili, wiki tatu mfululizo. Kwenye simu kukazuka mchezo: unainua mkono mmoja kama uliyeshika kikombe, unatembea hatua nne mbele na nne nyuma, na uso wako usicheke. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yenyewe. Anayecheka ameshindwa. Watu wakajirekodi sokoni, shambani, kwenye foleni ya zahanati, mbele ya madhabahu wakati wa mazoezi ya kwaya, wote na nyuso kavu. Salvina aliwaona watoto wa jirani wakiucheza uani kwake, wamebana midomo, wanatetemeka kwa kicheko walichokizuia. Aliwatazama mpaka wakamaliza, akaenda kuchota maji.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane Cleophace alipiga kelele hadi redio ikakwaruza. Namba moja. Ukakaa hapo wiki kumi na moja, na wiki ya tatu wakaupiga Mwanza, ya tano Dar es Salaam. Siku ile ya kwanza, Salvina alikuwa uani anaitandaza kahawa kwenye turubai ikauke. Akaigeuza yote upande mmoja, akaigeuza upande wa pili.

Hakuwa amemwambia Gosbert. Si kwamba alificha. Kusema kunataka nguvu, na hakuona sababu ya kuitafuta.

Mwisho wa mwezi huo Agnetha akaja kutumbuiza Nkwenda, uwanjani, na Jovitus akamwomba Salvina afike. Alikwenda, akasimama nyuma ya watu. Agnetha alivaa koti la rangi ya fedha, alichezesha midomo vizuri kabisa, na uwanja mzima ukainua mikono yenye vikombe visivyoonekana. Mamia ya watu wasiocheka. Walipomaliza, Jovitus alimpeleka Salvina nyuma ya jukwaa, na Agnetha akamjia, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Jovitus kaniambia ni wewe." Agnetha alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwepesi wa kusema. "Sasa nikuambie kweli, na si kwa majivuno. Mimi naimba kukushinda."

"Najua."

"Basi kwa nini haitoki? Nimejaribu kila namna. Nimeimba na njaa. Nimeimba na mafua. Nimeimba nimelala chali sakafuni. Inatoka nzuri tu, na hiyo nzuri hawaitaki. Wewe ulifanyaje?"

"Sikufanya kitu."

"Nifundishe basi."

Salvina akalitazama lile koti lake, jinsi lilivyokuwa kubwa mabegani. "Hiyo usijifunze," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alisikia kwamba neno lake lilikuwa na uzito kidogo.

Mambo yakatoboka katikati ya mwezi wa tisa. Cleophace alimkaribisha Agnetha studioni, wakazungumza vizuri, kisha akamwomba, hewani, aimbe ubeti mmoja bila mashine. Agnetha angeweza kusingizia koo. Hakusingizia. Aliimba, kwa sauti yake mwenyewe, nzuri na ya moto, na kabla hajamaliza simu zikaanza kuingia. Huyu siye. Mmetudanganya. Yule mwingine yuko wapi?

Nyumbani Kamuli walikuwa wote watatu: Anatolia anamenya ndizi, Salvina anapanga kuni, Gosbert anafunga mpini wa jembe. Wakasikia Cleophace akisema kwamba mtengenezaji wa wimbo yuko kwenye simu. Ilikuwa sauti ya Jovitus.

"Msimlaumu Agnetha. Kosa ni langu. Aliyeimba ni dada yangu, Salvina, yuko Kamuli. Aliniimbia sauti ya kuongozea tu, mara moja, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa nne. Sikuweza kuibadilisha."

Kisu cha Anatolia kikasimama kwenye ndizi. Gosbert alimtazama mkewe, akaitazama redio, kana kwamba mmoja wao lazima awe mwongo.

"Tarehe kumi na mbili mwezi wa nne," alisema Anatolia taratibu. "Na mjukuu wangu tulimzika tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa tatu. Wiki tatu, Salvina. Udongo haujakauka. Nilikutuma ukapumzike, wewe ukaenda kuimba nyimbo za wapenzi?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo tu? Huna la kusema?"

Salvina alilitafuta la kusema. Alijua kwamba mtu mwingine mahali pale angejitetea, angepiga magoti, angelia. "Jovitus aliniomba," alisema. "Nikamwambia sawa."

Gosbert akaweka jembe chini, akachukua panga, akaenda migombani. Tangu siku hiyo hakumsemesha. Alikula alichopikiwa, akashukuru kwa kichwa, akatoka. Kwenye kisima wanawake waliacha kuongea Salvina alipofika, halafu mmoja wao, Eugenia wa kwaya, akasema bila kumtazama, "Wengine msiba kwao ni mwanzo wa umaarufu." Salvina akajaza ndoo yake. Hata hilo halikupenya. Alilibeba pamoja na maji hadi nyumbani, akalitua.

Siku ya nne Cleophace mwenyewe alifika Kamuli kwa pikipiki, viatu vyekundu kwa vumbi, na kinasa sauti kidogo mfukoni. Alikuwa mtu mfupi, mpole kuliko sauti yake. Alimwamkia Anatolia kwa kuinama, akaomba ruhusa, akaketi kwenye kigoda mbele ya Salvina. Gosbert alikuwa ukumbini na kalamu na daftari la kahawa, lakini alikuwa haandiki.

"Waitu, watu wote wanataka kukusikia," alisema Cleophace, akitumia lile neno la heshima la kwao. "Tuanze na lile kubwa. Wimbo ulipofika namba moja, ulijisikiaje?"

"Nilikuwa naanika kahawa."

Cleophace akatabasamu. "Naam, lakini moyoni?"

"Moyoni pia nilikuwa naanika kahawa."

Hakuwa anafanya mzaha, na Cleophace akaliona hilo. Akasogeza kigoda. "Wasikilizaji wananiandikia. Mmoja wa Kiruruma, mjane, ameniandikia kwamba anausikiliza asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, la sivyo hainuki. Mwingine anasema sauti yako ndiyo peke yake isiyomdanganya. Wanauliza, siku ile ulikuwa unamwimbia nani?"

Salvina alifikiri. Lilikuwa swali la haki, likastahili jibu.

"Sikumwimbia mtu. Nilikuwa nimetoka kumzika mwanangu."

Alilisema kwa sauti ile ile. Cleophace akanyoosha kidole, akakizima kinasa sauti, na kwa muda alikuwa hana pa kuyaweka macho.

"Pole sana, waitu. Sikujua. Hilo sitalitangaza usipotaka."

"Tangaza tu. Sawa."

"Si sawa."

Wote wakageuka. Gosbert alikuwa amesimama mlangoni. "Si sawa," alirudia. "Usitangaze. Waambie anaishi Kamuli, analima, inatosha. Mtoto ni wetu."

Cleophace akainuka, akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema atafanya hivyo. Na alifanya. Jumamosi ile alisema tu kwamba amemwona mwenye sauti, kwamba ni mkulima, na kwamba maswali mengine wayaache.

Pikipiki ilipokwisha ondoka, Gosbert alikaa kwenye kile kigoda.

"Juzi niliuchukua wimbo wako nikaenda nao shambani," alisema. "Kwenye simu. Nilitaka nikasirike vizuri. Nikauweka mara ya kwanza, nikakasirika. Ya pili pia. Mara ya ngapi sijui, nikasikia vile unavyovuta pumzi pale katikati." Akamgeukia. "Salvina, mimi nililia siku ile nikamaliza machozi yote. Tangu hapo sina kitu. Nakwenda shamba, narudi. Nilidhani ni mimi tu. Nilikuwa nakutazama unapika, unafua, nikawa nasema, mwenzangu kapona, mimi ndiye mbovu. Halafu nasikia huko kwenye simu mtu anaongea kwa sauti niliyonayo humu ndani."

"Sijapona," alisema Salvina.

"Najua sasa."

Hawakushikana mikono, wala hakuna aliyelia. Walikaa tu. Anatolia, aliyekuwa amesikia yote kutoka jikoni, akaja na ungo wa kahawa, akaketi chini upande wa pili wa Salvina, akaanza kuchambua mbovu na nzima. Akasema, bila kuinua uso, "Ningejua kwamba huko ndiko kulia kwako, nisingesema yale." Salvina akanyoosha mkono, akachambua naye.

Mwezi wa kumi na mbili wimbo ulikuwa umeshuka hadi namba nane, na Jovitus akaja na mwingine. Uliitwa Taa ya Jirani. Kinanda kilekile, ngoma ileile kavu, na safari hii jina liwe la Salvina, alisema, herufi kubwa. Salvina alimtazama Gosbert, na Gosbert akasema uamuzi ni wake. Alikaa siku mbili akifikiri, jambo ambalo mwezi wa nne asingelifanya. Kisha akasema atakwenda, kwa sharti Agnetha naye awepo.

Wakaenda wote, yeye na mumewe. Agnetha alikuwa amekwisha fika, bila koti la fedha, akamkumbatia. Salvina akasimama palepale, kati ya magodoro yaleyale, akaimba. Jovitus akasikiliza kichwa kikiwa upande.

"Nzuri, dada. Lakini unaweka moyo. Toa moyo kidogo."

Akaimba tena.

"Bado. Imba kama siku ile. Kama hujali."

Akajaribu. Aliikaza sauti, akaipunguza, akaisawazisha kama mtu anayesawazisha sakafu ya udongo. Kila mara kitu kilijitokeza mahali fulani, kikatikisa mwisho wa neno. Mara ya tano Jovitus aliomba radhi kabla ya kusema "tena." Mara ya sita, kwenye mstari wa tatu, Salvina alifumba macho ili akazane, na Babazi akawa mbele yake.

Si shuka. Babazi. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mdomo umejaa pera hadi mashavu yametuna, na anajaribu kueleza, kwa mdomo huo uliojaa, kwamba si yeye aliyekula mapera. Kovu dogo juu ya nyusi. Jino la mbele lililokaa upande. Macho ya mwongo asiyejua kudanganya. Yote yalikuwepo, kila kitu mahali pake.

Salvina alicheka. Alicheka kwenye kipaza sauti, kwa nguvu, na Jovitus akashtuka akaikurupukia mashine. Na katikati ya kucheka kile kicheko kikageuka. Kilitoka mahali pa chini sana, kwa sauti ambayo hakuna kinanda kinachoijua, akakaa sakafuni, na Gosbert, aliyekuwa nje, akauvunja mlango uliozibwa kwa godoro kwa bega bila kutafuta kitasa. Agnetha alizishika kamba za vipaza sauti zisimnase. Kemigisha akaja kutoka jikoni mikono ina unga. Alilia tangu saa tano hadi jua lilipokwisha pita utosi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipoweza kusema, alisema, "Jovitus, ndugu yangu, ile sauti sina tena. Nimemwona."

Jovitus aliinamisha kichwa. Aliifuta kazi yote ya siku ile mbele yao, mwenyewe, bila kuombwa.

Taa ya Jirani aliiimba Agnetha, kwa namna yake. Ilishika namba kumi wiki moja ya mwezi wa kwanza, ikatoka. Chai Inapoa nayo ilikuwa imekwisha ondoka kwenye orodha kabla ya Krismasi, na watoto wa Kamuli walikuwa wameshapata mchezo mwingine. Agnetha sasa anaimba harusini Kayanga na Kituntu, na watu wanamlipa wakimtaka acheke.

Siku ile ya studio, Salvina na Gosbert walipanda basi la jioni mapema, wakashuka njia panda, wakaanza kutembea kuelekea nyumbani. Macho ya Salvina yalikuwa yamevimba hata aliona njia kwa upenyo. Kila kitu kilimuuma: kifua, mbavu, nyayo.

"Umeniambia mapera," alisema Gosbert mwishowe. "Ni yale ya kwa Byarugaba?"

"Yale yale. Alipita kwenye ua."

"Nilimkataza."

"Alikusikia. Ndiyo maana alipita upande wa pili."

Gosbert akatoa sauti puani. Wakatembea kidogo. "Unakumbuka alivyokuwa akiwapa kuku majina?"

Salvina alisimama njiani. Hilo lilikuwa halijarudi bado, na sasa likarudi lote, kuku mmoja baada ya mwingine. "Yule mweusi alimwita Mwinjilisti," alisema.

"Kwa kuwa alianza kelele kabla ya watu wote."

"Na yule mwenye shingo wazi?"

"Yule alikuwa Eugenia wa kwaya," alisema Gosbert, na mkewe akamshika mkono wa shati ili asianguke kwa kucheka. Machozi yalikuwa yakimtoka tena. Hakuyafuta. "Na jogoo, Gosbert? Jogoo alimwita nani? Hilo silikumbuki."

"Subiri," alisema Gosbert. "Subiri, ninalo. Linakuja."